Kamera iliyoahidi kulenga baada ya picha kupigwa

Na Mwandishi Wetu

MPIGAPICHA yeyote, awe wa studio au wa harusini, anaijua hasara ya picha iliyokosa kulengwa: uso wa bibi harusi umefifia huku pazia la nyuma likionekana waziwazi, na tukio lenyewe halirudiwi. Mwaka 2012 kampuni ya Lytro ya Marekani iliingiza sokoni kamera ndogo, yenye umbo la bomba la pembe nne, ikitangaza kuwa hasara hiyo imefika mwisho. Mnunuzi angepiga picha kwanza, kisha aamue baadaye ni sehemu gani ionekane vizuri. Bei yake ilianzia dola 399.

Hapakuwa na mazingaombwe. Katika kamera ya kawaida, miale yote inayofika kwenye nukta moja ya kitambuzi cha mwanga hujumlishwa pamoja, na habari za upande ulikotoka kila mwale hupotea. Kamera ya uga wa mwanga huwekewa, mbele kidogo ya kitambuzi, safu ya lenzi ndogondogo zinazoitenganisha miale kulingana na upande inakotoka. Kwa kuwa mwelekeo umehifadhiwa, programu ya kompyuta huweza kukokotoa miale hiyo ingekutana wapi iwapo lenzi kuu ingelengwa karibu au mbali zaidi.

Wazo lenyewe si geni. Mwanafizikia wa Ufaransa, Gabriel Lippmann, alilieleza mwaka 1908, mwaka ule ule alipotunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya picha za rangi. Alitaka picha ambayo mtazamaji akisogeza kichwa aone ubavu wa kitu, kama mtu anayechungulia dirishani. Vifaa vya wakati wake havikutosha.

Karibu karne moja baadaye, Ren Ng wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye ndiye aliyekuja kuanzisha Lytro, aliunda kamera ya majaribio yenye kitambuzi cha pikseli milioni 16. Picha iliyotoka humo haikufika pikseli 300 kwa 300! Hiyo ndiyo gharama ya teknolojia hii: pikseli zinazotumika kuhifadhi mwelekeo haziwezi tena kutumika kuonyesha unyoya wa ndege au mshono wa nguo. Kamera ya Lytro ilinasa miale milioni 11, lakini picha yake ilikuwa na pikseli milioni moja na kidogo, wakati simu nzuri za mwaka huo zilishafikia milioni nane.

Kamera ya pili, Illum ya mwaka 2014, iliuzwa dola 1,599 na haikuiokoa kampuni, iliyofungwa mwaka 2018. Miezi michache kabla, Novemba 2017, ilizima tovuti iliyokuwa ikionyesha picha za wateja zikiwa na uwezo wa kulengwa upya. Mwandishi huyu anaona hapo ndipo wateja walipoumia zaidi, kwani picha isiyofunguka bila programu ya aliyeiuza haina tofauti na sanduku ambalo ufunguo wake umebaki dukani.

Upande wa pili ni skrini, ambako njia hugeuzwa: lenzi huwekwa juu ya kioo ili kila jicho lipate picha yake bila miwani. Runinga za pande tatu zilizohitaji miwani ziliachwa na Sony na LG mwaka 2017. Kasoro yake moja ilikuwa kwamba macho hukutana kwenye kitu kinachoonekana kutokeza mbele, ilhali yanalazimika kulenga kwenye kioo chenyewe, hali inayowachosha baadhi ya watazamaji na kuwaumiza kichwa.

Kampuni ya Looking Glass ya New York ilitoa mwaka 2018 skrini inayoonyesha kitu kutoka pande 45 kwa wakati mmoja, bila miwani. Pikseli za kioo hugawanywa kwa pande hizo zote, na kila upande hupata takriban sehemu moja ya 45.