Ukifa, Toa Pedi!

Wadau, leo nawarudisha nyuma kidogo, kwenye historia isiyoandikwa: jinsi gemu la mtu mmoja lilivyogeuzwa kuwa la mtaa mzima.

Tuanzie mbali. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na runinga Tanzania Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994 (Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, tena ya rangi!). Desemba ya mwaka huo huo wa 1994 Sony wakatoa PlayStation ya kwanza kule Japani.

PS2 ilitoka mwaka 2000, lakini huku Mchikichini ni nyumba ngapi ziliimudu? Mwenye kibanda alinunua mashine Kariakoo, akaweka runinga na benchi, akatoza kwa muda. Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 kimsingi ni ya mtu mmoja, sisi tuliicheza kumi. Mmoja kashika pedi, wengine makelele: "Kata kushoto! Polisi hao!" Ukifa, unatoa pedi. Hatua tulizofikia zilikaa kwenye memori kadi ya MB 8, na aliyefuta kazi ya wenzake alijua hapati nafasi kwenye benchi wiki nzima. Ukija mgao wa umeme, kama ule wa 2006, basi tena.

Sasa Oktoba 2014 Sony wakaleta Share Play kwenye PS4: mashine ya mwenyeji ndiyo inayoendesha gemu, mgeni wa mbali anarushiwa picha na sauti, yeye anarudisha mibonyezo ya pedi tu. Hana haja ya kununua gemu. Kila awamu dakika 60. Watu wakaona maajabu, mimi nikaona benchi letu.

Ila benchi halikuwa na kilometa. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009, sawa, lakini mwanga ndani ya nyaya hukimbia kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka hapa hadi London ni kama 7,500, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 75 hata mambo yakinyooka, na hayanyooki. Tena kibandani mtazamaji hakulipa kitu. Huku anayetazama naye analiwa bando.

Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, yuko huko London. Tulijaribu mbio za magari, nikawa nagonga ukuta ambao yeye keshaupita. Tukahamia gemu la mafumbo, la kufikiri taratibu, tukapokezana pedi mpaka bando langu likakata.