Siku Ishirini Bila Mtandao

Hapa Niania njia hukutana: moja yaelekea Kisangani, moja Bunia, moja Wamba. Tangu zamani vitabu na habari vimetufikia kwa njia hizo, navyo vilichelewa kila mvua iliponyesha. Kisha ikaja njia isiyo na matope, yaani intaneti. Vatikano ilianza kutangaza mambo yake humo siku ya Noeli 1995, na sasa hata hati za kale za Maktaba yake zasomwa na mtu aliye mbali.

Lakini njia hiyo yaweza kufungwa. Tarehe 30 Desemba 2018 Wakongo walipiga kura kumchagua Rais, isipokuwa sehemu chache kama Beni na Butembo. Kesho yake Serikali ilikata intaneti, na katika siku hizo ikanyamazisha pia radio RFI. Wakubwa walisema wazuia matokeo ya uongo yasilete ghasia. Intaneti haikurudishwa mpaka tarehe 19 Januari 2019.

Tutazame yaliyotukia katika siku hizo. Maaskofu wetu walikuwa wametuma waangalizi wapata 40,000. Tarehe 3 Januari walitangaza kwamba hesabu zao zaonyesha mshindi mmoja, wakaitaka Tume ya Uchaguzi itangaze kweli. Neno zito namna hiyo likakuta njia imefungwa. Mwanafunzi ambaye vitabu vyake vyote vilikuwa katika simu naye akabaki mikono mitupu. Tena Ebola ilikuwa ikiua watu Kivu ya Kaskazini na Ituri, na watu walihitaji habari za kweli kuliko fununu.

Hatukatai kwamba mtandao hubeba uongo. Hata barabara yetu hupitisha wezi, wala hatuichimbui kwa sababu hiyo. Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya tarehe 11 Aprili 1963, alifundisha kwamba kila mtu ana haki ya kupewa habari za kweli za mambo ya watu wote. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 24, nayo yatambua haki ya habari.

Basi, ndugu wasomaji, tuidai haki hiyo kwa amani. Mtandao tuutumie kwa shukrani, lakini kabati la vitabu la parokia tulitunze vema. Kitabu kilichomo humo hakuna mkubwa wa mbali awezaye kukizima.