Doti Moja ya Kanga

Elkana alimpenda mkewe Hana, na Biblia haituachi na shaka juu ya hilo. Kila mwaka walipopanda kwenda Shilo kutoa dhabihu, alimgawia sehemu mara mbili (1 Samweli 1:5). Hata hivyo Hana alilia, akakataa kula. Mumewe akamwuliza kwa nini analia, na kama yeye si bora kwake kuliko wana kumi. Chakula kilikuwepo tele. Kilichokosekana ni mtu wa kuelewa kinachomliza. Tumeanza na habari hiyo kwa sababu vijana wetu wanaojiandaa kwa ndoa hutuuliza mara nyingi zawadi ya mchumba iwe ya bei gani, na wapo wanaokopa ili wasionekane wanyonge ifikapo Februari 14. (Wazee wenye ndoa hawaulizi kabisa, na hilo nalo linatusumbua.) Sisi tunaona jibu limekuwa likining'inia madukani mwetu kwa zaidi ya miaka mia moja.

Historia ya kanga inaanza na nguo ambayo haikuwa zawadi. Katika karne ya 19 meli za wafanyabiashara wa Marekani, nyingi zikitoka Salem, zilileta Unguja kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, watu wa pwani wakakiita merikani. Kikitiwa rangi ya nili mpaka kikakaribia weusi kiliitwa kaniki. Hayo ndiyo yalikuwa mavazi ya watumwa. Mtumwa hakuchagua, alipewa kipande kama alivyopewa posho. Tena mwanamke mtumwa hakutarajiwa kufunika kichwa kama wanawake waungwana. Kabla hajafungua kinywa, nguo ilikwisha kumtangaza.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake, Mkunazini, likajengwa kanisa la Kianglikana linalosimama hadi leo. Lakini kufunga soko hakukuwa kuwaacha watu huru. Amri iliyofuta hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, nayo iliwaacha nje masuria, wale wanawake waliowekwa nyumbani na mabwana zao. Hao walisubiri hadi 1909. Tunaikumbusha tarehe hiyo kwa sababu husahaulika, na kwa sababu inahusu ndoa hasa: kwa miaka kumi na miwili zaidi, sheria iliona mwanamke wa namna hiyo hana haki ya kuamua alale nyumba gani.

Ni katika kipindi hicho hicho kanga ilishika pwani. Wanawake walikuwa wakinunua leso, vitambaa vya mraba ambavyo jina lake lilitoka kwa Wareno, na kuzishona sita pamoja, tatu juu na tatu chini. Wafanyabiashara hawakuchelewa kuona faida. Wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari, na madoadoa ya baadhi yake, watu husema, yakakumbusha manyoya ya ndege aitwaye kanga. Mombasa wengi bado wanasema leso. Waliotoka utumwani waliiacha merikani na kaniki, wakaipokea nguo hii yenye rangi. Doti ni vipande viwili, kimoja cha kujifunga na kingine cha kujitanda. Fikirini basi maana ya mume, naye pengine ametoka utumwani juzi tu, kumletea mkewe doti. Alikuwa akimletea kitu cha kufunika kichwa, na kwa mara ya kwanza nguo iliingia nyumbani ikiwa imechaguliwa kwa ajili yake.

Jina lilikuja baadaye kidogo. Wengi humtaja Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, ambaye duka lake lilianza 1887, kuwa ndiye aliyezipa kanga maneno. Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi hizi tunazosomea. Hapo ndipo zawadi ilipokuwa ngumu, kwa maana nzuri. Kitambaa chenyewe kilichapwa Uingereza, Uholanzi, India au Japani kwa maelfu, na mwenye fedha na asiye nazo walinunua kile kile. Kilichomtofautisha mtoaji mmoja na mwingine ni kama alisoma.

Maana ziko kanga zinazosema "Wema hauozi", na ziko zinazosema "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu". Bei ni moja! Mume anayechukua ya juu kwenye rundo kwa kuwa rangi imempendeza anaweza kumpelekea mkewe ugomvi bila kujua, naye mke akajiuliza usiku kucha amekosa nini. Tena jina huandikwa chini, karibu na pindo, na anayejifunga halioni likiwa mgongoni mwake. Wanaoliona ni walio nyuma yake: sokoni, kisimani, kwenye benchi la kanisa. Anayemnunulia mwenzake kanga anachagua neno ambalo watu watalisoma juu yake wakati yeye mwenyewe halioni. Hilo si jambo la kufanywa kwa haraka, wala fedha nyingi haziwezi kulifanya kwa niaba ya mtu.

Hatusemi kanga ilikuwa rahisi nyakati zote. Kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na kwa muda nguo zikapatikana. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika Tanzania, watu walipanga foleni kwa ajili ya nguo kama walivyopanga kwa sabuni na sukari. Aliyepata doti wakati huo hakuwa na nafasi ya kuchambua majina. Alichukua iliyokuwepo, na mke aliipokea akijua saa ngapi mumewe alisimama juani. Pale neno lililosomwa lilikuwa ni zile saa.

Leo doti bado ni ndogo mno kando ya simu mpya au sherehe ya ukumbini, na baadhi ya mabinti zetu huiona nguo ya jikoni. Tunawaelewa, kanga hufika jikoni kweli. Ikiwa mpya huvaliwa kanisani, ikilainika hubeba mtoto, na ikichakaa hudekia sakafu. Wengine hugawana doti na rafiki au dada, kila mmoja kipande chake, na mume asiyejua mila hiyo hudhani zawadi yake imedharauliwa. Haijadharauliwa.

Kwa kijana aliyetuuliza anunue ya namna gani, tulimjibu kwa kumwuliza mchumba wake ana huzuni gani mwaka huu. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema atakwenda kumwuliza kwanza.