Ukalimani kati ya Programu za Hesabu: Lugha ya R na Kimya cha Msemaji

Kuita funksheni za takwimu kutoka ndani ya programu nyingine ya hesabu huonekana jambo jipya. Kumbe ndiyo asili yenyewe. Mnamo Mei 1976, John Chambers na wenzake katika Maabara za Bell, Marekani, walianza kubuni lugha ya S, iwe mlango wa kuzifikia kanuni zilizokwisha kuandikwa kwa Fortran. Ross Ihaka na Robert Gentleman, huko Auckland, New Zealand, waliifuata S wakaunda R, iliyotangazwa mwaka 1993. Baadaye mwitaji akawa mwitwa: SageMath, iliyoanza 2005, huiita R, na Mathematica pia tangu 2012.

Mwanaisimu atatazama zaidi ukalimani wenyewe. Tuchukue mfano wa kubuni: wazee wa Lubondja wameonyeshwa vitu 100, nasi twahesabu vingapi kila mmoja amevitaja kwa Kibembe. Asiyejibu, R humwekea alama NA, na hukataa kutoa wastani mpaka iamriwe waziwazi kumruka. Lakini katika safu ya namba kamili, kumbukumbu ya kompyuta huihifadhi NA hiyo kama -2147483648. Kiunganishi kisichoijua kawaida hii huipokea kama hesabu halisi, na kimya cha mzee mmoja huharibu wastani wa kijiji kizima. Majina ya vitongoji nayo huweza kuvuka yakiwa 1, 2, 3 tu. Kwa maoni yangu, ni afadhali wastani ukokotolewe ndani ya R, livushwe jibu peke yake.