Benchi la Ustawi

Zamani, mjane wa Rau, Moshi, hakuwa na ofisi ya kwenda kulalamika. Alikuwa na ukoo. Wazee walikaa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, pombe ya mbege ikazunguka, na aliyekosa akatoa jani la isale kuomba radhi. Shauri likaisha. Ila tusijidanganye: kikao kile kilikuwa cha wanaume.

Serikali iliingia katika mambo haya kwa mlango wa vita. Mwaka 1945 askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walianza kurejea Tanganyika, wengine wakitokea Burma, na mkoloni akaona kazi ya kuwaangalia vijana hawa haiwezi kuachiwa koo peke yake. Ndipo huduma za ustawi zilipoota mizizi. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuanzisha chuo cha maofisa wake, ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama.

Kwa akina mama, hata hivyo, ustawi ni matunzo ya mtoto. Sheria ya 1949 ilimwekea baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Ikabaki hivyo, uhuru ukaja, bei zikapanda, mpaka Sheria ya Mtoto ya 2009 ikaifuta. Mwaka huo shilingi 100 haikutosha nauli ya daladala kutoka Rau hadi mjini.

Asubuhi moja nililikalia benchi la ofisi mojawapo ya ustawi. Pembeni yangu binti, mtoto amelala mgongoni, kadi ya kliniki ndani ya bahasha ya kaki.

"Barua ya wito ulimpa baba wa mtoto?" afisa akauliza.

"Nilimpa, dada. Akaichana mbele yangu."

Afisa hakushangaa. Akaandika nyingine. "Hii mpelekee mwenyekiti wa mtaa, yeye ndiye atamkabidhi."

Meza hiyo hiyo huandaa taarifa za mahakama ya watoto, na hushughulikia wazee wasio na mtu. Pale Njoro, hapo hapo Moshi, yapo makao yao ya serikali. Kwa Mchaga, mzee kuzeekea nje ya kihamba ni jambo zito, lakini vihamba vya Rau vinakatwa viwanja kila mwaka. Mimi naona ofisi haijawa ukoo na haitakuwa. Ila pale binti anaongea mwenyewe, na maneno yake yanaandikwa.

Nawe jirani, ukisikia mtoto anaumizwa, usisubiri barua. Piga 116, haikatwi salio.