Mchezo wa Mchango

Samuel Bowles, mwanauchumi wa Kimarekani, ni miongoni mwa wanazuoni waliokataa kuridhika na yule binadamu wa vitabu vya iktisadi asiyejali lolote ila maslahi ya nafsi yake. Na katika A Cooperative Species, alichokiandika pamoja na Herbert Gintis mwaka 2011, na kadhalika katika The Moral Economy cha mwaka 2016, hoja zake aghalabu huzijenga juu ya uchumi wa majaribio, yaani ile taaluma ya kuwakalisha watu, kuwapa fedha na kutazama watazifanya nini, kwa sharti kwamba fedha hizo walipwe kweli na wala wasidanganywe juu ya kanuni.

Katika majaribio hayo liko moja ambalo jina lake la Kiingereza, likifasiriwa neno kwa neno, hutupa "mchezo wa bidhaa za umma", tafsiri ambayo siipendi. Bidhaa kwa Mswahili ni kitu cha dukani chenye bei na mnunuzi, ilhali muradi wa wanauchumi ni kinyume chake: ni kitu kama taa ya mnara iwaongozayo manahodha usiku, ambayo huwezi kumzuia asiyeichangia asiione, wala kuiona kwake hakumpunguzii mwenziwe mwanga. Na ukisema "mali ya umma", msomaji atafikiri gari la serikali.

Kanuni zake ni nyepesi. Watu wanne wasiojulishana hupewa kila mmoja, tuseme, shilingi 100, na kwa siri kila mmoja hutia katika mfuko wa pamoja kiasi apendacho. Kilichokusanywa huzidishwa mara mbili, kisha hugawanywa sawasawa kwa wote wanne, aliyetoa na asiyetoa. Wakitoa wote kila kitu, 400 huwa 800, na kila mtu huondoka na 200. Walakini wakitoa watatu na wa nne akazifumbata zake, 300 huwa 600, kila mmoja hupata 150, na yule mfumbata mkono huondoka na 250. Waingereza humwita mpandaji wa bure, kana kwamba kosa lake ni nauli. Sisi tunalo jina lake tangu zamani, nalo ni mdoezi, yule atokeaye sinia linapotua, hakualikwa wala hakuleta hata chumvi.

Kitabu kiitwacho Foundations of Human Sociality, kilichotoka mwaka 2004, Bowles akiwa mmoja wa wahariri wake, kinakusanya majaribio yaliyofanywa katika jamii ndogo 15, wakiwamo Wahadza na Wasangu wa Tanzania. Humo mna habari za Jean Ensminger, mtaalamu wa anthropolojia, aliyeupeleka mchezo huu kwa Waorma, wafugaji wa Mto Tana nchini Kenya. Nao walipoelezwa kanuni walisema kwamba hiyo ni harambee, kama wachangavyo kwa shule au barabara, wakauita mchezo wa harambee, wakatoa kwa wastani asilimia 58 ya walichopewa, na robo yao wakatoa chote. La ajabu zaidi, wenye mali walitoa kuwashinda wengine, kama desturi ya harambee iwatakavyo, ilhali katika mchezo mwingine, wa kugawana fedha baina ya watu wawili, utajiri haukuleta tofauti hiyo.

Mtu atasema basi istilahi imepatikana, tena wametutungia wenyeji. Mimi nasita. Harambee ni neno lenye mzigo: ni wito wa wachukuzi wanyanyuao kwa pamoja, ni kauli aliyoifanya Jomo Kenyatta kuwa ya taifa, ni hafla ambamo majina na viwango husomwa kwenye kipaza sauti, na ni bughudha pia, hata sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya Kenya ya mwaka 2003 ikabidi iwakataze kutumia vyeo vyao kuchangisha watu. Jina la namna hiyo humfundisha mchezaji la kufanya kabla hajafungua mkono. Mwanasaikolojia Lee Ross na wenziwe, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, waliwachezesha watu mchezo mwingine wa ushirikiano, kanuni zile zile, kundi moja likiambiwa ni Mchezo wa Jumuiya na la pili ni Mchezo wa Wall Street, yaani mtaa wa wenye fedha wa New York. Katika la kwanza walioshirikiana walikaribia theluthi mbili, katika la pili theluthi moja.

Kwa hiyo harambee na tuwaachie Waorma, maadam kwao jina lilikuwa sehemu ya matokeo, na istilahi ya jumla iwe "mchezo wa mchango". Kwani mchango waweza kuwa wa harusi, wa matanga au wa madrasa, mkubwa au mdogo, wa hiari au wa shingo upande, na neno lenyewe halisemi nani atoe zaidi. Ila Dar es Salaam pana taabu, maana huko "mchezo" kwa akina mama wengi ni upatu, ambao kila mtu hurudishiwa zake kwa zamu na mkaidi hujulikana mapema. Basi atakayewapelekea jaribio hili na aanze kwa kuwaeleza kwamba mfuko huu hauna zamu, na kwamba asiyetoa hatatajwa.