Taa za Land Rover ya Babu

Babu husema aliinunua pikapu yake mpya kabisa 1963, mwaka wa Uhuru. Mimi, mwanafunzi wa historia, nilitazama taa nikashuku. Land Rover za wakati ule zilikuwa na taa za mbele kando ya wavu wa rejeta, kati ya fenda mbili. Zilihamia kwenye fenda mwishoni mwa miaka ya 1960. Za Babu ziko kwenye fenda.

Lakini fenda hufungwa kwa bolti tu, hubadilishwa kama shati. (Ni za aluminiamu kwa sababu baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma.) Nikaingia ndani. Geji zote zipo katikati ya dashibodi. Series III, iliyotoka 1971, ilizileta mbele ya dereva. Gia ya pili nayo ililia nilipoiingiza kwa haraka. Kabla ya Series III, gia mbili za kwanza hazikuwa na ringi za kuzilainisha.

"Babu, fenda hizi ni za asili?"

"Za asili zilibaki Mto Athi, mjukuu wangu. Ulidhani nakudanganya?"

Nilikuwa nimedhani hivyo. Nikachukua brashi ya waya, nikaanza kusugua kutu juu ya namba ya chesisi.